Ukaguzi wa Skrini ya Nyamizi Kapela

Saa 3:12 asubuhi, tarehe 6 Juni 2094, kipimarangi kilimaliza kutambaa juu ya skrini ya Nyamizi Kapela. Kilikuwa kidude chenye miguu sita, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Kilisimama katika vituo mia mbili, kikasoma mwanga wa kila kituo, kisha kikajibandika kwenye kona na kutoa matokeo: nyeupe ya skrini ilikuwa nyeupe, kwa kosa lisilofika nusu asilimia. Skrini ilikuwa imewaka dakika arobaini kabla ya kupimwa, kwa sababu skrini baridi hutoa rangi za uongo. Dirisha lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cha kijivu.

Nyamizi alikuwa mhariri wa ushahidi mjini Tabora. Alisafisha picha na sauti za kamera kabla hazijapelekwa kwa Mhakiki, mashine iliyotoa hukumu za ajali zote nchini. Sheria ilikataza mashine kusafisha ushahidi ambao mashine ingeuhukumu. Kazi hiyo ilibaki kwa watu, walioifanya nyumbani kwao, kwa macho na masikio yao.

Faili la siku hiyo lilikuwa la kaka yake. Miaka sita nyuma, treni ya sumaku aliyoiendesha Mihayo Kapela iligonga nyingine nje ya stesheni, watu kumi na wanne wakafa. Taa nyeupe humruhusu dereva kupita; taa ya buluu humsimamisha. Mihayo alisema aliona nyeupe. Video iliyofika kwa Mhakiki ilionyesha buluu. Alifungwa miaka ishirini, akafia gerezani katika mwaka wa tatu. Aliyeihariri video hiyo alikuwa Lameck Chilongani, na Nyamizi alitaka kumwangusha.

Kisheria, faili lililofungwa lilifunguliwa upya mara moja tu, na baada ya miaka sita kupita. Mhariri wa kwanza alikuwa na haki ya kukagua vifaa vya mhariri wa pili aliyelifungua upya. Akithibitisha kasoro moja, faili lingefungwa milele. Ukaguzi ulirekodiwa na lenzi iliyofungwa ukutani, na rekodi yake ilikuwa sehemu ya faili.

Saa 3:20 Chilongani aligonga mlango. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola.

"Shikamoo, Fundi," alisema Nyamizi. Hakutaka lenzi imwonyeshe akimkosea mtu adabu.

"Marahaba, binti. Umenenepa. Kufanya kazi peke yako kumekukubali."

"Karibu. Vifaa ni hivi."

Chilongani alianza na nyaya za sauti. Alipiga magoti, akafuata kila waya kwa vidole kutoka kwenye spika hadi nyuma ya meza.

"Ncha si za dhahabu?"

"Dhahabu ni ya maharusi, Fundi. Hizi ni za nikeli. Zinashika vizuri, hazilegei."

"Na nyuzi ngapi ndani?"

"Tatu."

Waya wa kawaida hubeba sauti kwa nyuzi mbili, na mvumo wa umeme ukiingia njiani hufika nao kwenye spika. Waya wa nyuzi tatu hubeba sauti ileile mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa. Mwishoni ile iliyogeuzwa hurudishwa sawa. Sauti mbili huungana, na mvumo ulioziingia zote hujifuta wenyewe. Chilongani alikuwa ametumia nyuzi mbili. Katika faili la Mihayo alikata nusu sekunde na kuiandika "kimya". Kwa waya wa nyuzi tatu, Nyamizi alisikia katika nusu sekunde hiyo kengele inayolia njia ikiwa wazi kupita. Kengele peke yake haikutosha, kwa kuwa hata reli ya jirani ilikuwa na kengele kama hiyo. Ilibaki taa.

"Waya wa umeme umeupitisha wapi?"

"Unakatiza ule wa sauti. Haulali sambamba nao."

"Sawa." Alinyanyuka kwa kushika meza. "Kidogo ulijifunza kwangu."

"Nilijifunza mengi. Kaa hapa, tazama kadi."

Kadi ya majaribio ilijaa kwenye skrini. Chilongani aliitazama, akasogea karibu, akacheka.

"Binti, umejimaliza. Hii si nyeupe."

"Ni nini?"

"Manjano. Tena nyingi."

"Kipimarangi kinasema nyeupe."

"Kipimarangi ni cha wasioona. Mimi natumia jicho."

"Rudia kwa sauti, Fundi. Lenzi iko mbali."

"Ni manjano!"

"Ungekuwa wewe, ungeirekebishaje?"

Chilongani alishika kitufe cha rangi, akakizungusha polepole. "Naongeza buluu. Hapa. Sasa ni nyeupe." Skrini ilikuwa imegeuka buluu kama mwali wa jiko la gesi. Namba iliyoandikwa chini yake ilikuwa kumi na moja.

Nyamizi alifungua kumbukumbu ya faili la zamani na kuiweka kando ya namba hiyo. "Ndizo hatua za buluu ulizoongeza kwenye taa ya Mihayo," alisema. "Kumi na moja."

Chilongani aliondoa mkono kwenye kitufe. Mboni za macho yake zilikuwa na ukungu wa rangi ya chai, uliomfanya aone nyeupe kama manjano.

"Daktari alitaka kunipandikizia lenzi za macho," alisema. "Zina kompyuta ndani. Mwenye lenzi hizo kisheria ni mashine, haruhusiwi kuhariri. Ningekula nini?"

"Mihayo alikula nini?"

Chilongani aliugeukia ukuta, akaongea akiitazama lenzi.

"Na wewe ulijua. Miaka minne ulisimama nyuma yangu ukinitajia rangi. Watu walidhani nakufundisha. Tukagombana, ukaondoka Aprili. Faili la kaka yako lilikuja Mei."

"Nilijua."

"Ungesema."

"Ungekana. Nilitaka useme mwenyewe."

"Miaka sita, Nyamizi? Na mimi nimeendelea kupokea kazi. Umewahi kuwafikiria hao wengine?"

Kisheria, aliyeficha kasoro ya mhariri mwenzake alipoteza leseni pamoja naye. Kwenye skrini kulikuwa na kitufe cha kuondoa faili na kitufe cha kutuma. Kulikata jibu la Nyamizi, "Nilijua," kwenye rekodi hakukuwezekana.

"Liondoe faili, mwanangu," alisema Chilongani. "Tutakuwa tumepona wote wawili."

Nyamizi alirudisha buluu kwenye sifuri, akabonyeza kutuma.

Saa 4:06 Mhakiki ilipokea faili. Saa 4:09 ilisoma taa kuwa nyeupe, ikafuta hukumu ya Mihayo Kapela. Saa 4:10 ilifunga leseni mbili. Saa 4:11 ilifungua upya mafaili thelathini na saba ambayo Chilongani aliyahariri baada ya lile la Mihayo. Watu ishirini na wawili walikuwa wamehukumiwa kwa mafaili hayo. Kumi na saba walikuwa bado gerezani. Watano walikuwa wamekufa.