Mkonge Uliolowekwa Kijitoni

Ndugu zangu, mnaopita njia ya Kwai mnamfahamu Bibi Marta. Kila asubuhi alikuwa akimteremsha ng'ombe wake kijitoni, huku akimsimulia habari za kanisani kana kwamba anajibiwa.

Mwanawe Heri, aliyeishi na mkewe Raheli upande wa juu wa kijito hicho hicho, alisuka vikapu vya katani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, kazi ilimnyookea. "Sisi hatuchafui mazingira," alijigamba. Na mimi nilimpigia makofi, sitaki kujifanya mwema hapa.

Lakini majani ya mkonge sharti yalowekwe siku nyingi, nyama yake ioze, ndipo nyuzi za katani zitoke. Heri aliyaloweka kijitoni ili maji yaondoe uvundo. Yaupeleke wapi? Hakujiuliza.

"Baba Glory, maji yamegeuka rangi," Raheli alimwambia mumewe. "Tuchimbe shimo pembeni."

"Mkonge ni mmea tu, mke wangu. Utamdhuru nani?"

Siku moja, Heri akiteremka na mzigo wa vikapu, alimkuta mama yake ameketi kando ya njia, dumu la maji ubavuni, akiyasugua magoti yaliyomvimba.

"Shikamoo, mama. Dumu la nini, na kijito kiko mlangoni kwako?"

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe anaringa siku hizi, maji ya kijitoni hayataki. Namtekea kule chemchemini."

"Tangu lini?"

"Huu mwezi wa tatu. Nenda baba, usikose gari."

"Mbona hukuniambia?"

Bibi Marta akampangusa vumbi begani. "Ulikuwa na furaha na kazi yako."

Heri alilia palepale njiani, mwanamume mzima. Akatua vikapu, akabeba dumu. Kesho yake alichimba shimo mbali na maji, na mabaki ya mkonge sasa yanaoza kuwa mbolea. Kijito kimetakata. Magoti ya mama yake hayajapona, na sidhani kama yatapona.

Funzo

Kikapu cha katani ni bora kuliko mfuko wa plastiki, bado nakisifu. Ila si kila kitu kitokacho shambani ni safi hadi mwisho. Kabla hujajisifu kwamba huchafui, teremka bondeni uone maji yako yanamfikia nani. Waulize hasa wanaokupenda, maana hao ndio watakaokuficha maumivu yao.