Filamu ya Nyuma ya Ukuta

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia dukani kwa mama yake, fundi cherehani. Alifagia vipande vya vitambaa, akatunga uzi kwenye sindano, kisha akakaa kwenye kigoda na kuegemea ukuta. Jina la Chiriku alipewa na baba, kwa sababu tangu ajue kusema hajafunga mdomo. Lakini siku hizo alitulia kama maji mtungini, na mama hakumuuliza kitu, maana sababu aliijua.

Upande wa pili wa ukuta ule palikuwa na ukumbi wa video, na ukumbini ilikuwa imefika filamu ya Kihindi iliyozungumziwa na mji mzima. Ilikuwa hadithi ya kubuni ya falme za zamani, yenye jemadari, ngome, farasi wasiohesabika na tembo waliovikwa shaba. Watu walisimulia kwamba kasri zima lilijengwa kwa ajili ya filamu hiyo tu, kisha likachomwa moto. Wapangaji wa mtaa ule, ambao mapaa yao yanavuja, hawakupenda kabisa kusikia habari hiyo.

Chiriku angeweza kuingia akaiona. Kilichomzuia ni baba. Baba alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na filamu za Kihindi zilikuwa mali yao wawili. Waliziangalia bega kwa bega, na penye huzuni baba alifuta macho na kusema ukumbi huu una vumbi. Safari hii, kabla hajaondoka, waliahidiana kwamba hakuna atakayeiona filamu hiyo bila mwenzake. Kisha lori likaharibika njiani, kipuri kikawa hakipatikani, na kila alipopiga simu alisema labda wiki ijayo. Chiriku alimkumbuka baba yake mpaka harufu ya dizeli kwenye shati lake. Akisikia honi ya lori lolote, moyo ulimruka.

Mama hakuonyesha kitu. Siku zote baba anapoondoka, hupiga honi pale kwenye kona, na Chiriku hukimbia nje kumpungia mkono. Mama hubaki ameupa mlango mgongo, anakanyaga cherehani. Chiriku aliamini kwamba mama yake ana moyo wa jiwe.

Mambo yalianza kuharibika mwalimu wa Kiswahili alipotangaza kwamba gazeti la ukutani litabandikwa upya kabla ya siku ya wazazi, na kwamba anataka uhakiki wa filamu hiyo. Chiriku ndiye aliyekuwa mhakiki wa darasa, na cheo hicho alikipenda kuliko kitu chochote shuleni. Mwalimu akaongeza kwamba kama Chiriku hajaiona, basi Nukta ataandika. Nukta alikuwa mvulana mfupi wa dawati la mbele, aliyekuwa amekwisha kuiona mara mbili na hakuacha mtu apumue kwa kuisimulia. Chiriku akainua mkono haraka. Akasema ataandika yeye.

Jioni ile alipata ujanja. Macho ndiyo yaliyomwahidi baba, alijiambia, masikio hayakuahidi. Akasogeza kigoda, akabandika sikio ukutani.

Ukumbini mle filamu haikuachwa ijisemee. Kando ya skrini aliketi kijana mmoja, wote wakimwita Mtafsiri, mwenye kipaza sauti mkononi. Aliyageuza maneno kuwa Kiswahili papo hapo. Peke yake alikuwa mfalme, jemadari, mke wa jemadari na, ikibidi, tembo. Steringi, yaani jemadari mwenyewe, akizingirwa na jeshi zima, Mtafsiri aliwatuliza watu kwamba steringi hafi, wakae chini. Chiriku alisikia panga zikigongana na ngome ikianguka. Lakini kilichomshika zaidi ni jemadari alipoondoka kwao kwenda vitani. Hapo sauti ya kizee, yenye kutetemeka, ilisema: "Nenda, mwanangu. Mlango sitaufunga. Upepo ukiingia nitadhani ni wewe."

Chiriku alilia pale pale, kichwa ukutani. Kisha akachukua kalamu.

Siku ya kusoma uhakiki, kabla haujabandikwa, darasa lilimsikiliza kwa makini. Alisifu vita, akasifu tembo, akafika kwenye kipande alichokipenda. "Mama mzee mwenye nywele nyeupe," alisoma, "anamtazama mwanawe kwa macho yaliyojaa machozi."

Nukta alinyoosha mkono. "Macho gani?" aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya, alishangaa tu. "Mama yule amegeuka mgongo. Uso wake hatuonyeshwi hata mara moja. Tena hasemi kitu. Maneno yale ni ya Mtafsiri."

Darasa liliangua kicheko. Mmoja akataka aambiwe tembo wa mfalme alikuwa na pembe ngapi, na Chiriku akaikunja karatasi yake. Kweli njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia mbele ya ubao.

Wakati wa mapumziko mwalimu alimbakiza. Chiriku alieleza yote: ahadi ya baba, lori, kigoda na ukuta. Alieleza huku akitazama viatu vyake.

"Kwa nini hukusema hujaiona?" mwalimu aliuliza.

"Niliogopa utampa Nukta, Mwalimu."

"Ningempa, na mwezi ujao ungeandika wewe. Mhakiki ni shahidi, mwanangu. Watu wanakuazima macho yako. Sasa andika upya. Ulichokisikia, sema umekisikia. Usichokiona, kiachie nafasi."

Kabla ya kuandika, Chiriku alimfuata Mtafsiri, akamkuta anakunja waya wa kipaza sauti. Alimuuliza kwa nini alimsemea mama asiyesema. Kijana yule, mcheshi wa mtaa mzima, aliuweka waya chini.

"Pale mwenye filamu amenyamaza," alisema, "na kimya kile mimi kinanishinda. Nilipoondoka nyumbani, mama yangu naye hakuniambia neno. Basi namsemea, dada. Namsemea kila siku."

Uhakiki mpya ulibandikwa kwa jina la "Filamu Niliyoisikia Ukutani". Chiriku alikiri kwamba hakuiona. Akaeleza jinsi vita inavyosikika bila kuonekana, na jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa jeshi zima. Mwishoni aliandika: "Mama wa jemadari bado sijamwona," na chini yake akaacha nafasi nyeupe. Nukta ndiye aliyemshikia karatasi wakati wa kubandika. Wanafunzi wengine walikwenda dukani kujaribu ukuta kwa masikio yao, na mama akawapa ufagio kwanza.

Baba alirudi siku ya wazazi imekwisha kupita, amekonda, shati lake likinuka dizeli ile ile. Chiriku alimkumbatia, na kabla hajamwachia akamwambia ukweli wote.

"Kwa hiyo umeila nusu bila mimi," baba alisema. Kisha akacheka, akamshika mkono wakaenda ukumbini.

Jemadari alipotoka mlangoni kwao, Mtafsiri aliinua kipaza sauti. Akamwona Chiriku kwenye benchi, akakishusha. Ukumbi wote ukanyamaza. Skrini nzima ilijaa mgongo wa mwanamke, wala nywele zake hazikuwa nyeupe. Alikuwa anakunja nguo, anaikunjua, anaikunja tena, na mabega yake yalikuwa yamekazwa ili yasitetemeke. Hakugeuka. Chiriku aliyajua mabega yale. Alikuwa ameyaona mara nyingi juu ya cherehani. Pembeni yake baba alifuta macho, na safari hii hakusema lolote kuhusu vumbi.

Asubuhi yake alijaza ile nafasi nyeupe: "Mama wa jemadari hakusema neno na hakulia mbele yetu. Aligeuka mgongo kwa sababu anampenda. Nimejua kwa sababu na mimi ninaye mama kama huyo."

Mwalimu alisimama mbele ya gazeti akasoma, akarudia kusoma. "Umeona?" alimwambia. "Machozi yale uliyoyabuni yalikuwa mazuri, lakini yalikufichia mama huyu. Ukisema umeona usichokiona, wa kwanza kupunjwa ni wewe mwenyewe."

Wiki iliyofuata lori lilikuwa tayari, na baba akapiga honi pale kwenye kona. Chiriku alikimbia nje, akapunga mkono mpaka lori likapotea. Kisha akarudi ndani haraka, akavuta kigoda karibu na cherehani, akamshikia mama yake kitambaa.