Mzigo wa Kiti cha Nyuma

Jumatatu moja ya Machi 2014, Abdulrahmani aliifuta umande pikipiki yake mpya, akavaa helmeti, akatoka Heru Juu kwenda kazini Kasulu mjini. Alikuwa bwana ardhi wa halmashauri, mwenyeji wa Pangani. Mkewe, Stumai, alifundisha shule ya msingi pale Heru Juu, ndiyo maana walipanga huko.

Pikipiki ilikuwa ya bluu, ya mwendo mkali na safari ndefu, yenye kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ubavuni. Iliundwa kwa ajili ya lami. Barabara yake ya kila siku haikuwa na lami. Tumbo la injini liligonga kingo za makorongo, na kwenye matope tairi ziliteleza kama kambare. Vijana wa bodaboda walimpita wakicheka.

"Bosi, ndege imekosa uwanja?"

Alivumilia. Mimba ya kwanza ya Stumai iliharibika wakisubiri gari la kukodi. Ya pili ilikuwa na miezi sita, na Abdulrahmani aliapa kwamba safari hii hawatasubiri gari la mtu. Kiti cha nyuma kilikuwa cha mkewe tu. Hata nailoni ya kiwandani iliyokifunika hakuitoa.

Asubuhi hiyo, kwenye mteremko, alikuta wanaume wanne wamebeba machela mabegani. Aliyelala juu yake alikuwa mzee Nkunzimana, aliyeingia nchini akiwa mkimbizi kutoka Burundi na kuzeekea hapo. Huku, ukikutana na machela unashuka. Unapokea bega, hata kwa hatua chache, ndipo unaendelea na zako. Abdulrahmani alilijua hilo. Alipiga honi.

"Mwakeye, bwana ardhi," Bazilio, jirani yake, alimsalimu kwa Kiha. "Shuka upokee kidogo. Tumechoka."

"Nina kikao, Bazilio. Nimechelewa."

Akapiga honi tena. Wakasogea mtaroni. Mmoja aliteleza, machela ikainama, na mkono wa mzee ukachomoka chini ya shuka. Ulipapasa kiti cha nyuma. Nailoni ikalia.

Jioni alisikia kwamba mzee alikata roho kabla ya kufika hospitali.

Kesho yake pikipiki ilikuwa nzito.

Ilikaa chini kwa nyuma kama iliyopakia. Mlimani injini ilipiga kelele huku baiskeli za mihogo zikimpita. Alibadilisha mafuta, akajaza upepo, lakini wiki nzima alifika kazini amechelewa. Fundi Gharibu wa mjini alifungua shokapu, akazikagua, akazirudisha.

"Nzima hizi, bosi. Punguza mzigo."

"Mzigo gani? Natembea peke yangu!"

Gharibu alikitazama kiti cha nyuma, akafuta mikono. "Wewe ndiye unayejua unachobeba."

Vikanyagio vya abiria alivikunja kila jioni. Kila asubuhi alivikuta vimekunjuliwa. Aliwafokea watoto wa majirani. Kisha akavifunga kwa waya. Asubuhi waya ulikuwa chini, umenyooshwa.

Halafu pumzi. Aliisikia ndani ya helmeti, nyuma ya sikio. Alizuia yake. Ile nyingine iliendelea.

Bazilio alimfuata uani. "Nenda ukawaone wafiwa. Hata sasa hujachelewa."

"Mimi siamini mambo hayo."

"Sijasema uamini. Nimesema ukawaone."

Hakwenda. Aliichukia pikipiki, akaichukia barabara, akamchukia na Bazilio.

Mwezi Mei, alasiri moja ya mvua, Stumai alianza kutokwa damu. Siku zake zilikuwa hazijatimia. Abdulrahmani alitoa pikipiki, akapanda, akawasha.

"Panda, mama. Nishike kiunoni."

Stumai alifika, akasimama. Mvua ilimchuruzika usoni.

"Abdu," alinong'ona. "Nikae wapi?"

"Hapo nyuma!"

"Kuna mtu."

Hakugeuka. Alivuta moto. Injini ilinguruma, gurudumu halikuzunguka. Alishuka akasukuma. Haikusogea. Aliipiga teke, akalia kwa hasira, mkewe ameshika ukuta.

Bazilio alitokea na machela bila kuitwa. Majirani wengine wawili, Nsabimana na Majaliwa, walikuwa naye. Wakamlaza Stumai, wakainua, wakaondoka mbio. Abdulrahmani alikimbia pembeni, amemshika mkono. Damu ilipita kwenye turubai.

Ukungu uliwafunika mteremkoni. Mahali palepale.

"Pokea," ilisema sauti ya chini.

Ilitoka kwenye kona ya nyuma, upande wake. Hakuuona uso. Aliona mkono mkavu ukiachia mti wa machela, na ukimwekea begani ngata ya majani ya mgomba. Ngata ilikuwa baridi. Aliingiza bega.

Machela ikawa nyepesi. Walikimbia kama wasiobeba kitu.

Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya magharibi, wa kike, mdogo, akilia. Stumai alipona. Abdulrahmani alitoka barazani, ngata ingali mkononi.

"Yule aliyenipa bega amekwenda wapi? Nataka nimshukuru."

Bazilio na Nsabimana walitazamana. Wao walibeba mbele.

"Tulitoka watatu," alisema Bazilio. "Kona ile tulijua umeishika wewe. Tangu nyumbani."

"Mimi nilipokea mteremkoni."

Wote wakamgeukia Majaliwa, aliyebeba nyuma upande wa pili. Majaliwa alikuwa anatazama miguu yake. Alikwenda bombani akanawa bega, akarudi akaketi mbali nao.

Pikipiki Abdulrahmani aliikuta ilipobaki, uani. Alipoigusa ilisogea yenyewe, nyepesi. Vikanyagio vilikuwa vimekunjwa.

Ngata aliitundika msumarini sebuleni. Kiangazi kikaingia, migomba ya Heru Juu ikakunja majani. Ngata haijanyauka. Stumai akiishika asubuhi, anaikuta ina joto, kama iliyotoka begani mwa mtu sasa hivi.