Kiatu cha Obadiah

Jumanne ile Merle Pennicott alichemsha chai, akapaka mkate siagi, akala bila kuisikia ladha. Mumewe alikuwa kaburini tangu Februari. Watu walimwambia alie, machozi hayakuja. Akaona heri ashughulike na wafu wa zamani, hao hawamtaki mtu alie.

Mfu wake alikuwa Obadiah, babu wa babu yake, aliyeiba kondoo wawili Uingereza akatupwa kwa meli huku Tasmania, kifungo cha miaka saba. Zamani familia zilimficha babu wa namna hiyo kama upele. Siku hizi asiye na mwizi katika ukoo anaonekana amekuja juzi.

Karatasi za serikali zilieleza kimo chake, meno aliyokosa, viboko hamsini vya ulevi. Kitabu cha kanisa kikaongeza: alipomaliza kifungo alijenga nyumba, ndiyo hii ya Merle, akazaa. Watoto wanne walizikwa kabla ya kujua kutembea. Wa tano akapona. Kilichomponya hakikuandikwa.

Asubuhi hiyo fundi alikuwa akizibua dohani, bomba la moshi wa jiko. Nyuma ya tofali akatoa kiatu cha mtoto, cheusi kwa masizi.

"Nikirudishe, mama," alisema. "Wa kale walikificha humo makusudi. Kitu kibaya kikishuka kiingie kiatuni, kisifike kitandani."

"Mwanamume mzima na ndevu zako! Endelea na matofali."

Merle akakipeleka makumbusho ya mji, kwa rafiki yake Daphne.

"Mwizi wenu leo kapata heshima!" Daphne alicheka. "Kitakaa kwenye friza wiki mbili, wadudu wafe. Halafu kabatini, na jina lake."

Merle akaitikia kwa kichwa. Hakusikia furaha wala nini.

Kesho yake Tamsin, binti yake aliyehamia kwake na mtoto wa miezi mitano, alishuka ngazi na Angus mikononi.

"Mama. Hebu mshike mguu."

Wa kushoto. Baridi kama nyama ya buchani.

Daktari akauchoma kwa sindano. Angus akamtazama tu. "Damu inatembea," daktari alisema. "Sioni ubaya." Wakamvika soksi mbili. Wakamwekea chupa ya maji ya moto. Siku ya tatu baridi ilifika gotini. Ya nne, pajani.

Merle akarudi kwenye kitabu cha kanisa. Mara ya kwanza alisoma majina na tarehe tu. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, kasisi aliandika kilichomuua kila mtoto. Baridi. Baridi. Baridi. Baridi.

Akavaa koti.

"Bado siku kumi, shoga," Daphne alisema. "Wadudu..."

"Nipe."

Kiatu kilitoka friza kikiwa na barafu juu. Merle akatia vidole ndani. Ndani mlikuwa na joto, la kiatu kilichovuliwa sasa hivi.

Fundi alikirudisha mchana ule ule. Akaziba kwa chokaa. Chokaa haijakauka, Angus akalia huko juu, kilio kikali, cha kwanza tangu Jumatano.

"Ana joto!" Tamsin alipiga kelele. "Mama, ana joto mguu mzima!"

Jioni Merle akamwogesha. Angus alirusha maji, akacheka. Merle akageuza mguu wa kushoto ausafishe wayo.

Mtoto huyu hajawahi kukanyaga ardhi.

Kisigino kilikuwa na sugu, nene, ngumu kama kwato. Kina magaga, kisigino cha mtu aliyetembea miaka mingi peku. Ndani ya magaga, weusi wa masizi. Akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa brashi. Haukutoka.

"Yuko salama?" Tamsin aliuliza mlangoni.

"Salama," Merle alisema, akamvisha soksi.