Alama ya Pasi

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kula, Chiriku alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kumsaidia mama yake, fundi wa nguo, katika chumba cha mbele kilichogeuzwa kuwa cha kushonea. Ya pili ni kumsomea bibi yake Biblia, maana macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu.

Jina la Chiriku alipewa na bibi huyo huyo. Mtoto akisikia mstari wa Biblia mara moja, ameushika; kisha anaumwaga mfululizo bila kuvuta pumzi. Shule ya Jumapili hakuna aliyemfikia, naye alilijua hilo vizuri.

"Pole pole, mjukuu wangu," bibi alizoea kumwambia. "Neno la Mungu halifukuzwi kama kuku."

Ijumaa moja mama alitoka kwenda kununua uzi. Mezani palikuwa na sketi ya mwisho ya kwaya, ya kuvaliwa Jumapili hiyo. Chiriku alikuwa akiipiga pasi bila kuagizwa, rafiki zake wakamwita dirishani: "Njoo uone! Mbwa wa jirani amezaa!" Akatoka mbio. Vitoto vya mbwa vilikuwa havijafumbua hata macho, na alipokumbuka pasi, alikuwa amechelewa. Alirudi akakuta harufu ya kuungua. Katikati ya sketi palikuwa na alama ya kahawia, pana kama kiganja.

Aliizima pasi, akanyata akatoka tena.

Mama aliporudi alishika kichwa. "Nani ameacha pasi juu ya nguo?"

Bibi aliinuka polepole kutoka kwenye kiti chake cha chumbani. "Mwanangu, mchana nilinyoosha kitambaa changu cha kichwa. Nilidhani nimeiweka pembeni. Labda nilisahau."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Mdomo uliozoea kumwaga mistari ulikuwa kimya kama umeshonwa.

Mama alishusha sauti. "Basi, mama, usiguse tena pasi wala jiko. Nikitoka, jikoni nitafunga kwa ufunguo. Ungeweza kutuunguzia nyumba."

"Sawa, mwanangu," bibi alijibu, akarudi chumbani akipapasa ukuta.

Kesho yake bibi hakuwa yule yule. Alikuwa akiuliza, "Hivi nimeshakula?" Aliufunga mlango, akarudi kuushika tena kuhakikisha kama umefungwa kweli. Utani wake wote ulikuwa umekauka. Alasiri Chiriku alipoingia na Biblia, alimkuta anaomba: "Bwana, macho yanakwenda, nami sikulalamika. Lakini akili, nakusihi, niachie."

Chiriku alikaa kwenye mkeka, akaanza kusoma kwa haraka kama kawaida yake. Walikuwa wamefika pale Yesu anapofundisha kwamba mtu akipeleka sadaka yake, kisha akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo hapo, aende kwanza wapatane. Maneno hayo alikuwa ameyasema mbele ya darasa zima la Jumapili, akapigiwa makofi. Sasa yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Mbona umenyamaza? Umepoteza mstari?" bibi aliuliza.

"Sijaupoteza, bibi." Machozi yakaanza kumtoka. "Ni mimi niliyeacha pasi. Si wewe. Mimi."

Bibi alimgeukia. Halafu akainua mikono yote miwili juu. "Kumbe sijachanganyikiwa! Mungu wangu, kumbe kichwa changu ni kizima!" Akacheka, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akamvuta mjukuu wake karibu. "Lakini umenitesa, mtoto wewe. Usiku kucha nilikuwa najiogopa mwenyewe."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Kwangu yameisha. Amebaki fundi, mama yako."

Chiriku alikwenda mwenyewe mbele ya cherehani, akasema yote. Mama aliacha kukanyaga. Alimtazama binti yake kwa hasira, lakini kabla ya kumjibu alipita akaingia chumbani kwa bibi, Chiriku nyuma yake. "Nisamehe, mama. Nilikufanya kama mtoto, wala sikuuliza vizuri."

"Haya, yameisha," bibi alisema. "Ila ufunguo wa jikoni nipe, nataka kujichemshia chai yangu."

Wote watatu wakacheka. Chiriku alihisi kifua kikifunguka kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani.

Adhabu hata hivyo ilikuwepo. Kilibaki kitambaa cha kutosha kipande kimoja cha sketi, na kazi ya kufumua mishono ilikuwa yake. Alifumua uzi mmoja mmoja mpaka vidole vikamuuma, huku watoto wenzake wakicheza nje. Jioni ilipoingia, mama alikuwa ameshona kipande kipya, na hakuna jicho ambalo lingetambua badiliko.

"Mwanangu," mama alisema akikata uzi wa mwisho, "hapa rafuni nina vitambaa vizuri, lakini vikibaki vimekunjwa havimkingi mtu na baridi. Na Neno la Mungu ni hivyo hivyo. Kulishika kichwani ni vyema. Leo umelivaa, na bibi yako ndiye aliyepata joto."