Kurasa Zilizoachwa Wazi

Msimu wa kahawa ukifika Ihanda, hakuna anayelala vya kutosha. Gwantwa, msichana wa darasa la saba, alichuma na mama yake tangu alfajiri, kisha wakabeba magunia hadi kiwanda cha kumenya kahawa cha chama cha ushirika. Foleni ilikuwa ndefu. Kahawa mbivu haina subira; isipomenywa siku hiyohiyo huchacha, na jasho la mkulima linakwenda bure.

Kwa kuwa Gwantwa alijifunza kompyuta shuleni, karani Wiliam alimwomba akae kwenye kompyuta ya wanachama awasomee wazee bei na hesabu zao. Gwantwa alimfungulia kila mzee ukurasa wake, wala hakuufunga, ili mzee akirudi kuuliza asisubiri tena. Alijiona ana akili kweli.

Alasiri mzani ukagoma. Ulikuwa umeunganishwa na kompyuta nyingine, nayo ilikataa kuingiza kilo za mtu yeyote. Mama akapenyeza mkono ndani ya gunia, akautoa polepole.

"Kahawa imeanza kupata moto, itachacha," alisema kwa uchovu.

Fundi wa kompyuta, dada Lusungu, alikuja kwa bodaboda kutoka Vwawa. Alieleza kuwa mzani, ghala na kompyuta ya wanachama vyote huchota taarifa mahali pamoja kupitia njia chache, kila ukurasa ulio wazi ukishika njia moja, na kuna mtu amezishika karibu zote bila kuzitumia. Watu wakaanza kumlaumu Wiliam. Gwantwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amechoka, na kunyamaza kulikuwa rahisi, lakini Wiliam alikuwa anaonewa.

"Dada, ni mimi," alisema. "Nilifungua kurasa nyingi, sikuzifunga. Nilitaka wazee wasisubiri."

Lusungu alizifunga, mzani ukarudi kazini. Kisha akagawa njia: kila kompyuta ikapata fungu lake, mzani ukapewa kubwa zaidi kwa sababu ya foleni, na njia inayokaa bila kazi ikapangiwa kujifunga yenyewe.

"Umefanya vizuri kusema, mdogo wangu," alimwambia. "Ila kitu cha wote ukikishikilia bila kukitumia, unamnyima mwenzako, hata kama humwoni. Ukimaliza, achia."

Zamu ya Gwantwa na mama yake ilipofika, gunia moja lilikuwa limeshachacha, likakataliwa. Gwantwa aliomba msamaha, machozi yakimlengalenga.

"Ningekasirika, mwanangu, ila sina nguvu," mama alisema. "Shika huku tulibebe hadi nyumbani."