Dawa Iliyolala Chini ya Chupa

Emerensiana aliishi peke yake Chiwanda, kwenye nyumba ya mwisho kabla ya mchanga wa ziwa. Mumewe, Placidi, alifariki miaka mitatu iliyopita. Kigoda chake bado kilikuwa karibu na mlango. Hakuna aliyekikalia. Wageni walisimama, wakasalimia, wakaenda zao.

Binti yake, Tadea, aliolewa Kitai. Alipiga simu kila Jumapili baada ya misa.

"Mama, jicho linaendeleaje?"

"Zima kabisa."

Simu ikikatika, nyumba ilinyamaza tena.

Lakini jicho halikuwa zima. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu Emerensiana afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho mjini Mbinga. Alipewa chupa ndogo ya dawa ya matone. Huenda walimweleza vizuri, lakini siku ile mawazo yake yote yalikuwa kwenye basi la kurudi nyumbani. Sasa jicho lilikuwa jekundu, na mwanga wa jua ulimuumiza. Kila kitu alikiona kwa ukungu. Aliogopa kuwa kipofu ndani ya nyumba isiyo na mtu wa kumshika mkono.

Asubuhi moja Subira, nesi wa zahanati, alipita kununua usipa, dagaa wa ziwani ambao Emerensiana aliwauza. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ngoja kwanza niweke dawa."

Emerensiana aliichukua chupa dirishani kwa vidole viwili, polepole, kama mtu aliyebeba yai. Akaiinamisha taratibu. Matone matatu yakaanguka. Mawili yakapita shavuni.

"Bibi, mbona hukuitikisa?"

"Niitikise niivuruge? Huoni uchafu mweupe huko chini? Siku ya kwanza dawa iliniwasha. Nikasema, kinachochoma ni hicho. Mvua zikileta tope ziwani, maji tunayaacha yatulie, tunachota ya juu. Na dawa ni hivyohivyo."

Subira aliichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga.

"Bibi, huo weupe si uchafu. Ndiyo dawa yenyewe."

"Usinitanie!"

"Sikutanii. Chumvi ukiitia kwenye maji inayeyuka. Dawa hii haiyeyuki. Ni kama unga wa muhogo kwenye maji baridi, ukiuacha unakaa chini. Wameisaga laini sana ili isikwaruze jicho. Hayo maji kazi yake ni kuibeba. Usipotikisa, dawa inabaki kwenye chupa."

Emerensiana alikaa chini mkekani.

"Kwa hiyo wiki mbili nimekuwa naweka maji?"

"Karibu sawa na maji. Mbona hukuuliza, bibi? Kuuliza si ujinga."

"Ningemuuliza nani? Ukuta?"

Subira aliirudisha chupa dirishani. Alitoa simu yake.

"Jicho jekundu baada ya upasuaji si la kusubiri. Leo hii unarudi Mbinga. Na Tadea tunamwambia ukweli."

Tadea alilia kwenye simu, kisha akapanda gari kwenda kumpokea mama yake Mbinga. Daktari wa macho alilipima jicho. Lilikuwa limevimba ndani, lakini halijaharibika. "Mngechelewa, tungesema mengine," alisema. Akampa chupa mpya ya dawa ileile.

Kesho yake Emerensiana alirudi Chiwanda, na Subira akamfundisha polepole.

"Nawa mikono. Ishike chupa kiganjani ipate joto kidogo, maana tone la baridi linashtua jicho. Sasa tikisa mpaka weupe uenee wote. Vuta kope ya chini, weka tone moja. Moja tu! Jicho halina nafasi ya matatu. Mdomo wa chupa usiguse jicho. Fumba, ubonyeze hapa kwenye kona, karibu na pua, kwa dakika moja."

"Inawasha."

"Kidogo, kisha inaisha. Ikizidi, njoo zahanati. Usinyamaze."

Tangu siku hiyo Tadea hakungoja Jumapili. Simu iliita kila asubuhi.

"Mama, umetikisa?"

"Nimetikisa mpaka mkono umechoka!"

Wekundu ulipungua. Jua likaacha kumuumiza. Wiki ya tatu ukungu uliondoka, na Emerensiana akakiona kigoda cha Placidi. Kilikuwa na vumbi zito. Siku zote hizo alidhani ni safi. Alikitazama kwa muda mrefu, akalia, maana alimkumbuka sana.

Kisha akakifuta kwa pindo la kitenge, akakiweka nje, upande wa kivuli.

Subira alipokuja kununua usipa, alisimama mlangoni kama kawaida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo usisimame, mjukuu wangu. Kaa hapo."